Kontena na ukurasa wa kuingia havilindi faili peke yake: dhana potofu za huduma ya kupakia faili

Huduma ya kupakia faili ni kazi inayoonekana nyepesi. Fomu moja, kitufe kimoja, ukurasa wa kuingia, kisha vyote vinafungwa ndani ya kontena (kifurushi kinachoendesha programu ikiwa imetengwa na seva, hapa kwa Docker) na kuwashwa kwa amri moja. Ikishawaka, aliyeiweka huamini kuwa faili ziko salama, wageni hawaingii na seva haiguswi. Lakini mambo hayo hayaletwi na kontena wala ukurasa wa kuingia. Yanategemea mipangilio midogo inayounganisha vipande hivyo, na huko ndiko imani nyingi zisizo sahihi zilikojificha.

“Faili ikishapakiwa, imehifadhiwa”

Ni kweli, kwa muda. Imeji, yaani kiolezo cha kuundia kontena, hujengwa kwa matabaka yasiyoandikika, na kontena linapoundwa hupewa juu yake tabaka jembamba la kuandikia. Faili ya mtumiaji isipoelekezwa kwingine, huangukia kwenye tabaka hilo, na uhai wake ni uhai wa kontena hilohilo.

Kinachowadanganya watu ni kwamba ukilizima kontena na kuliwasha, faili bado zipo. Ukiwasha upya seva nzima, zipo. Unaridhika. Kilio huja siku ya kusasisha programu: imeji mpya inashushwa, kontena la zamani linaondolewa pamoja na tabaka lake, na jipya linaanza na folda tupu. Kwa kuwa hifadhidata mara nyingi imeshatengewa mahali pake pa kudumu, orodha ya faili inaonekana vilevile kama jana, ila kila unayoibofya inarudisha 404 (haipatikani).

Dawa ni volyumu, yaani hifadhi inayobaki hata kontena likiondolewa, au folda ya seva iliyounganishwa na folda ya ndani ya kontena. Hapo napo pana mtego. Programu ikiwa inaandika kwenye `/app/uploads` nawe umeunganisha `/app/upload`, hutaona kosa lolote: Docker huiunda folda isiyokuwepo na kunyamaza. Kwa hiyo kuusoma mpangilio kwa macho hakutoshi. Kabla watu hawajaanza kuitumia huduma, pakia faili moja ya majaribio, toa amri ya `docker compose down` inayoondoa kontena, kisha `docker compose up -d` inayoliunda upya, halafu uitafute. Ikikosekana, umepoteza moja tu.

Na volyumu si nakala rudufu. `docker compose down` huiacha ilivyo, lakini ukiongeza `-v`, volyumu zilizotajwa kwenye mpangilio huo zinafutwa papo hapo bila swali la “una hakika?”

“Kuna ukurasa wa kuingia, basi faili zimefungwa”

Hii ndiyo dhana ninayoiogopa kuliko zote, kwa sababu huduma yenye kasoro hii inaonekana kufanya kazi vizuri kabisa. Mtu asiye na akaunti akifungua ukurasa wa mwanzo anaombwa nywila. Akikosea, anakataliwa. Nani angeshuku?

Fanya jaribio hili. Ingia kwa akaunti yako, pakia picha, nakili kiungo chake, kisha kifungue kwenye dirisha la faragha la kivinjari ambako hujaingia. Picha ikitokea, ukurasa wako wa kuingia unalinda fomu tu. Mara nyingi chanzo ni kwamba Nginx, seva ya tovuti iliyo mbele ya programu, imeelekezwa kutoa folda ya faili moja kwa moja ili kuipunguzia programu mzigo, na Nginx haijui lolote kuhusu nani ameingia. Njia sahihi ni ombi lipite kwanza kwenye programu, ikague ruhusa, kisha irudishe jibu lenye kichwa (mstari wa maelekezo) cha `X-Accel-Redirect` kinachoiagiza Nginx itoe faili ile. Kwenye mpangilio wa Nginx, sehemu ya folda hiyo huwekewa alama ya `internal`, na mgeni akiipiga moja kwa moja anapata 404. Mzigo bado unabebwa na Nginx, lakini uamuzi unabaki kwa programu.

Tuseme umeziba hapo. Sasa ingia kama mtumiaji wa pili, chukua kiungo cha wa kwanza kinachoishia na `/faili/41`, na ukifungue. Programu nyingi huuliza “je, ameingia?” na kusahau kuuliza “je, faili hii ni yake?” Maswali hayo mawili ni tofauti kabisa. Udhaifu wa aina hii, wa udhibiti mbovu wa ruhusa, ndio ulioshika nafasi ya kwanza kwenye orodha ya mwaka 2021 ya OWASP, taasisi ya usalama wa programu. Kutumia majina marefu yasiyobahatishika badala ya namba kunasaidia, ila kiungo kikishatumwa kwa mtu mwingine, urefu wa jina haumzuii yeyote.

Kuna mlango wa tatu, na huu huwapata hata wazoefu. Umeweka ukaguzi wa nywila kwenye proksi (programu ya mbele inayopokea maombi, kama Nginx), nayo programu inasikiliza poti 8080, yaani mlango wake wa mtandao, nyuma yake. Umeifunga 8080 kwa `ufw`, ngome ya mtandao ya Linux, na `ufw status` inakuthibitishia hivyo. Lakini ukiwa umeandika `8080:8080` (poti ya seva, kisha ya kontena) kwenye mpangilio wa Compose, faili inayoeleza kontena ziwashweje, Docker huingiza kanuni zake yenyewe kwenye iptables, kichujio cha mtandao cha Linux, na pakiti zinazoelekea kwenye kontena hazipitii kabisa kanuni za `ufw`. Yeyote anayeandika anwani ya seva na `:8080` anaifikia programu bila kuombwa nywila. Andika `127.0.0.1:8080:8080`, inayoifungua poti kwa seva yenyewe tu, au uiondoe poti hiyo kabisa na kuziacha proksi na programu zizungumze ndani ya mtandao wa Docker. Kisha jaribu kuifungua ukiwa kwenye kompyuta nyingine.

“Nywila inasafiri ikiwa imefichwa”

Kile kidirisha kidogo cha kivinjari kinachoomba jina na nywila hutumia njia ya zamani iitwayo Basic. Ukiingia kwa jina `juma` na nywila `siri`, kila ombi hubeba mstari huu:

`Authorization: Basic anVtYTpzaXJp`

Inaonekana kama fumbo. Ni base64 tu, yaani namna ya kuandika data kwa herufi za kawaida, na amri moja ya `base64 -d` inairudisha kuwa `juma:siri`. Hakuna ufunguo wala siri yoyote humo. Kinachoificha njiani ni HTTPS, na cheti hakina gharama: Let’s Encrypt hutoa bure, na proksi kama Caddy hukiomba na kukihuisha yenyewe. Ukurasa mzuri wa kuingia uliojengewa juu ya HTTP tupu hauna nafuu. Hapo nywila hata base64 haipati.

Upande wa kuhifadhi, nywila iwekwe kama heshi (alama isiyoweza kurudishwa kuwa nywila) ya bcrypt au Argon2, ambayo ndiyo iliyoshinda shindano la kimataifa la heshi za nywila mwaka 2015. SHA-256, aina nyingine ya heshi, haifai hapa kwa sababu iliundwa iwe ya haraka, na anayekisia mamilioni ya nywila anaitaka haraka hiyohiyo.

“Kontena ni kama mashine pepe, mdukuzi akiingia anabaki humo”

Mashine pepe, yaani kompyuta kamili inayoigizwa ndani ya nyingine, ina keneli yake, kiini cha mfumo endeshi. Kontena linatumia keneli ya seva yako, likiwa limetenganishwa kwa uwezo wa Linux uliokuwepo hata kabla Docker haijatolewa mwaka 2013. Bila mpangilio wa ziada, `root` (mtumiaji mwenye mamlaka yote) wa ndani ya kontena ana UID, yaani namba ya mtumiaji, 0 ileile ya nje. Mwaka 2019 ulitangazwa udhaifu wa runc, programu inayowasha kontena, uitwao CVE-2019-5736, ambao ulimwezesha `root` wa ndani kuiandika upya programu ya runc iliyo kwenye seva yenyewe.

Kwa huduma inayopokea faili kutoka kwa watu, endesha programu kwa mtumiaji wa kawaida. Utakutana na `Permission denied` kwenye folda ya faili, na hapo wengi hukimbilia `chmod 777`, inayompa kila mtu ruhusa zote. Usifanye hivyo. Angalia UID ya mtumiaji wa ndani, tuseme 1000, kisha mpe umiliki kwa `chown -R 1000:1000` kwenye folda ile ya nje. Basi.

“Tunapokea .jpg peke yake”

Jina la faili na aina yake hutajwa na anayetuma, naye anaweza kutaja atakacho. Kagua baiti za mwanzo: JPEG huanza na `FF D8 FF`, PNG na `89 50 4E 47`. Hata hivyo baiti hizo nazo zinaghushika, kwa hiyo kinachookoa zaidi ni faili kukaa mahali ambapo haiwezi kuendeshwa, kwa jina ulilolitunga wewe, na kutolewa ikiwa na `X-Content-Type-Options: nosniff`, inayokizuia kivinjari kukisia aina ya faili. SVG iangalie kwa jicho la pekee: ni picha, ndiyo, ila inaweza kubeba JavaScript.

“Tagi ya latest inanipa toleo jipya kila siku”

Tagi, yaani lebo ya imeji, ni jina tu. Imeji iliyoshushwa mwaka jana itaendelea kuitwa `latest` kwenye seva yako mpaka uishushe upya. Taja namba ya toleo.

“Faili kubwa zinakataliwa, programu ni mbovu”

Ukiona 413 (ombi ni kubwa mno), anza na proksi. Nginx kwa chaguo-msingi inapokea megabaiti 1 tu (`client_max_body_size`). Programu ikiwa ya PHP, kuna `upload_max_filesize` ya megabaiti 2 na `post_max_size` ya 8, na mpaka wa chini kabisa ndio unaoshinda. Zipandishe zote kwa pamoja.

Wapo wanaochoka na kuandika `client_max_body_size 0`, ambayo maana yake ni kuacha kukagua kabisa. Nginx kwa kawaida huliweka kwanza ombi kubwa kwenye faili la muda kabla ya kuipa programu, yaani faili moja inaweza kukaa mara mbili kwenye diski kwa muda fulani. Mtu mmoja mwenye akaunti halali anatosha kuijaza. Na diski ikijaa, hata kuingia kunaweza kushindikana, kwa sababu hifadhidata haina tena pa kuandikia.