Antibiotiki kwa Mtoto Mchanga na Hatari ya Unene

Mama mmoja alikuja kliniki yetu hapa Kampala amembeba mtoto wa miezi minane, na mkobani alikuwa na chupa ya amoksisilini ya maji, ambayo ni antibiotiki, iliyobaki nusu, aliyoinunua duka la dawa kaka mtu alipougua mafua. Aliuliza kama amnyweshe na mdogo.

Tangu kuzaliwa, utumbo wa mtoto huanza kukaliwa na bakteria wanaomsaidia kusaga chakula na kuujenga mwili, nao huchukua takriban miaka mitatu kutulia. Antibiotiki huua bakteria wa ugonjwa pamoja na hao wenye manufaa. Wafugaji wa nchi za Magharibi wamejua tangu miaka ya 1940 kwamba kuku na nguruwe wanaolishwa dozi ndogo za dawa hizi hunenepa upesi. Mwaka 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha New York walionyesha kwamba panya waliopewa penisilini kidogo wakiwa wachanga walinenepa baadaye, hata baada ya dawa kusimamishwa na bakteria wao kurudia hali ya kawaida.

Kwa binadamu ushahidi ni hafifu zaidi, na ni wajibu wetu kulisema hilo waziwazi. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018, uliofuatilia watoto zaidi ya 360,000, uliona kwamba waliopewa antibiotiki kabla ya miaka miwili walikuwa na uzito mkubwa kidogo walipofikia miaka mitano. Tofauti yenyewe ilikuwa ndogo mno, na tafiti nyingine hazikuiona kabisa. Huenda maradhi yenyewe, wala si dawa, ndiyo yanayochangia.

Kwa hiyo mzazi asimnyime mtoto dawa ya nimonia kwa kuogopa unene, kwani nimonia huua. Ila mafua hutokana na virusi, ambavyo antibiotiki haiviwezi, na kuharisha kwa kawaida kunahitaji maji ya chumvichumvi na vidonge vya zinki.

Tulimfunua mtoto yule kifua, tukamhesabia pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia: zilikuwa 38, ilhali kwa umri wake tunashuku nimonia zikifika 50. Kifua hakikuwa kikibonyea. Tulimwambia mama aendelee kumnyonyesha mara kwa mara, na arudi mara moja, au amwone VHT (mhudumu wa afya wa kujitolea) wa kijijini kwake, mtoto akianza kuhema haraka au akikataa ziwa. Chupa alituachia.