Je, wajua kwa nini nukta ya kwanta husahau mpigo wake?

Kabla ngoma haijaanza huko Newala, wapigaji huwasha moto na kuziotesha ngozi mpaka zikaze. Kinganga, ngoma ndogo, hulia kwa sauti nyembamba, ngoma kubwa huunguruma. Ukilijua hilo, nusu ya habari ya nukta za kwanta unayo tayari.

Nukta hizo ni punje za nusukipitishi, yaani maada inayopitisha umeme nusunusu, zenye upana wa nanomita (sehemu ya bilioni ya mita) chache tu. Elektroni iliyomo ndani imebanwa kama wimbi, na kadiri punje inavyokuwa ndogo ndivyo nishati yake inavyopanda. Ndiyo maana nusukipitishi ileile, kadmiamu selenaidi, hung'aa buluu, rangi yenye nishati zaidi, ikiwa punje ndogo, na nyekundu ikiwa kubwa. Aleksey Yekimov aliyaona haya kwenye kioo mwanzoni mwa miaka ya 1980, Louis Brus akayaona kwenye kimiminika, na mwaka 1993 Moungi Bawendi akapata njia ya kuzitengeneza zikalingana. Wakagawana Nobeli ya Kemia ya 2023.

Lakini rangi ndiyo sehemu rahisi. Utamu uko kwenye mpigo.

Nukta ikipigwa mmweko wa leza, elektroni hupanda ngazi ya juu na kuacha tundu nyuma yake. Kwa kitambo, viwili hivyo huyumba sawia na wimbi la mwanga, kama kiuno cha mcheza sindimba aliyenaswa na ngoma. Mmweko ukiongezwa nguvu, elektroni huteremshwa tena. Ukiongezwa zaidi, hupanda upya. Wanaotafuta kompyuta za kwanta wanaitamani hali hiyo, maana kitu kinachotunza mpigo kinaweza kutunza taarifa.

Basi mbona husahau? Anayeharibu ni joto. Atomi za punje hutikisika bila kukoma, na kila mtikisiko humtoa mchezaji kwenye mdundo kidogo. Katika joto la kawaida la chumba (sisemi la Mtwara mwezi Desemba) mpigo hupotea kabla ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde kutimia. Nukta za indiamu, galiamu na aseniki zikipozwa hadi nyuzi 266 hivi chini ya sifuri, mpigo hudumu zaidi ya nusu ya sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Wapigaji wa Newala huotesha ngoma zao moto. Wa maabara huzigandisha.

Hata kwenye baridi hiyo ngoma haikeshi. Elektroni hurudi kwenye tundu lake, nukta ikatema fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga, na mchezo ukaishia hapo.