Kuzima intaneti: maana yake, na nani anayetoa amri

Kuzima intaneti ni kitendo cha mamlaka za nchi kukata kwa makusudi mawasiliano ya intaneti, yote au sehemu yake, kwa watu wa eneo fulani na kwa muda fulani. Jambo la kushika hapo ni makusudi. Mei 2024 mikongo miwili ya baharini ilikatika na intaneti ikayumba Tanzania, Kenya na nchi jirani. Ile ilikuwa hitilafu. Kuzima ni pale mkongo uko salama, mnara una umeme, bando umelinunua kwa pesa yako, na bado hakuna kinachopita kwa kuwa kuna aliyeagiza kisipite.

Njia za kufanya hivyo ni kadhaa. Iliyo kali zaidi ni kukata kila kitu, kama Misri ilivyofanya usiku wa kuamkia 28 Januari 2011, wakati wa maandamano ya kumpinga Rais Hosni Mubarak. Kila kampuni ya intaneti hutangazia mitandao mingine duniani njia ya kuwafikia wateja wake, na matangazo hayo yakiondolewa dunia haioni tena pa kupeleka ujumbe. Misri iliondoa karibu yote ndani ya muda mfupi, ikakaa gizani kwa takriban siku tano. Njia ya pili ni kufungia majukwaa machache tu. Uganda ilifanya hivyo siku ya uchaguzi, 18 Februari 2016, ilipozuia Facebook, Twitter na WhatsApp, na watu wengi wakakimbilia VPN, programu inayopitisha mawasiliano kwa njia nyingine ili kukwepa kizuizi. Nyingine hulenga eneo moja: mikoa inayozungumza Kiingereza ya Kamerun ilikatiwa intaneti kwa siku 93 mwaka 2017, huku sehemu nyingine za nchi zikiendelea kama kawaida.

Halafu kuna kubana kasi, na hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Ujumbe wa maneno unaweza kupita, lakini picha haifunguki na video haipandi. Mtu hujilaumu kwa simu yake mbovu au hulaumu mtandao wa mtaani kwake, na siku inapita bila mtu yeyote kuwa na uhakika kwamba kulikuwa na amri. Mashirika yanayopima mitandao kutoka nje huweza kuona mabadiliko hayo, lakini mwananchi wa kawaida hana kipimo mkononi.

Wengi hudhani mahali fulani ikulu kuna kitufe. Kwa nchi nyingi zetu hakipo. Intaneti inamfikia mtu kupitia kampuni za simu, na kampuni hizo zinafanya kazi kwa leseni ya mdhibiti: TCRA kwa Tanzania, UCC kwa Uganda, CA kwa Kenya. Kinachozima intaneti ni agizo linalotoka kwa mdhibiti au kwa serikali kwenda kwa kampuni, na wahandisi wa kampuni ndio wanaolitekeleza kwenye mitambo yao. Kampuni ikikataa, leseni iko hatarini. Ikikubali, mara nyingi wateja hawaambiwi lolote. Kwa hiyo ninaposikia watu wanauliza “ni teknolojia gani imetumika,” naona kuna swali kubwa zaidi linaloachwa: nani ametia saini, kwa sheria ipi, hadi lini, na kwa nini barua hiyo haikutangazwa?

Siku ile ya 2016 Uganda, amri ya UCC iligusa pia huduma za pesa kwa simu. Menyu ya kutuma pesa kwa simu ya kitochi haihitaji intaneti, kwa hiyo kufungia mitandao ya kijamii peke yake kusingeigusa. Ilibidi itajwe katika agizo. Mama anayengojea pesa ya dawa kutoka kwa mwanawe aliyeko Kampala hakuwa anamkampenia mtu yeyote. Kadiri maisha yanavyohamia kwenye simu, ndivyo agizo la aina hii linavyowafikia watu ambao hawana habari na siasa.

Lakini madhara mazito zaidi kwa demokrasia yanatokea kwenye kuhesabu kura. Uchaguzi una hatua moja ambayo mwananchi anaweza kuikagua kwa macho yake: matokeo ya kituo kimoja, yaliyoandikwa kwenye fomu, mbele ya mawakala wa vyama. Baada ya hapo fomu zinasafiri na kujumlishwa mahali ambapo wengi hawaingii. Kinachounganisha kituo na ukumbi wa majumuisho ni mawasiliano. Wakala akiweza kupiga picha fomu na kuituma dakika ileile, kubadilisha namba njiani kunakuwa kugumu.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo walipiga kura tarehe 30 Desemba 2018. Kesho yake intaneti ikazimwa, na ujumbe mfupi wa simu ukafuata. Mshauri wa Rais Joseph Kabila alieleza kwamba ni kwa ajili ya utulivu, kwa kuwa matokeo ya uongo yameanza kusambaa mitandaoni. Baraza la maaskofu Wakatoliki, CENCO, lilikuwa limetawanya waangalizi wapatao 40,000 na likasema data zake zinaonyesha mshindi ni nani, bila kumtaja. Tume ya uchaguzi ilimtangaza Félix Tshisekedi kuwa mshindi. Mgombea mwenzake wa upinzani, Martin Fayulu, akapinga. Giza lilidumu takriban siku 20, na intaneti ilirudi wakati uleule Mahakama ya Katiba ilipokuwa ikithibitisha matokeo. Yaani kipindi chote ambacho raia wangeweza kulinganisha fomu za vituo vyao na hesabu ya taifa, hawakuwa na njia ya kufanya hivyo.

Linganisha na Kenya ya Agosti 2022. Tume ya uchaguzi, IEBC, iliweka fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kutoka vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti yake, zikawa wazi kwa yeyote. Vyombo vya habari, vyama na vijana wenye kompyuta zao walijumlisha wenyewe. Uchaguzi ule bado ulibishaniwa hadi Mahakama ya Juu, lakini ulibishaniwa kwa karatasi ambazo kila mtu alikuwa ameziona.

Tanzania, mitandao ya kijamii ilibanwa kuzunguka uchaguzi wa 28 Oktoba 2020, na tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima kwa takriban siku tano. Familia zilizo nje ya nchi zilikaa siku hizo hazijui ndugu zao wako katika hali gani.

Serikali zina hoja yao na inastahili kujibiwa: uongo na uchochezi vinasambaa mitandaoni, na damu inaweza kumwagika. Ni kweli vinasambaa. Ila kuzima hakuondoi uvumi. Uvumi unasafiri kwa mdomo na kwa simu ya kawaida. Kinachokwama ni ukanushaji: mwandishi anayeweza kuhakiki, daktari anayeweza kusema majeruhi wapelekwe wapi, tume yenyewe inayotaka kutoa tamko. Akaunti moja inayochochea mauaji inaweza kushughulikiwa peke yake, kwa sheria na kwa ushahidi. Kuwanyamazisha mamilioni kwa kosa la wachache ni adhabu bila kesi.

Mahakama zimeanza kuingia. Zimbabwe ilizima intaneti Januari 2019 wakati wa maandamano ya bei ya mafuta, na kampuni ya Econet ikawaeleza wateja wake kwamba imepokea maagizo, jambo ambalo kampuni chache huthubutu. Tarehe 21 Januari Mahakama Kuu mjini Harare ilitamka kwamba waziri aliyetoa agizo hakuwa na mamlaka hayo kisheria. Intaneti ikafunguliwa, ingawa hoja iliyoshinda ilihusu nani ana haki ya kutia saini, na haikugusa iwapo saini hiyo inafaa kuwepo. Juni 2020 Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ilikwenda mbali zaidi katika kesi ya Togo: ilisema kuzima kwa mwaka 2017 kulikiuka uhuru wa kujieleza kwa kuwa hakukuwa na sheria ya kitaifa iliyokuruhusu, ikaamuru fidia kwa walalamikaji. Machi 2024 Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ikapitisha azimio namba 580, linalozitaka nchi ziache intaneti wazi kabla, wakati na baada ya uchaguzi.

Azimio halina askari wa kulitekeleza. Amri ya mahakama ya ndani ina nguvu zaidi, na Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitoa amri ya muda inayoizuia serikali kukata intaneti hadi kesi iliyofunguliwa na mashirika ya kiraia isikilizwe. Walalamikaji hawakungoja giza liingie ndipo wakimbilie kwa jaji. Waliwahi, miaka miwili kabla ya uchaguzi wa 2027.