Sukari Iko Sawa, Mishipa Je?

Kigoma, kama kwingine nchini, neno "sukari" limebeba karibu hofu yote ya magonjwa ya mishipa ya damu. Mtu akipimwa na kuambiwa sukari haijapanda, hutoka kituoni ameshusha pumzi. Bahati mbaya ateri, yaani mishipa inayotoa damu moyoni, zina sababu kadhaa za kukakamaa, na sukari iliyozidi ni mojawapo tu.

Dhana: Bila kisukari, ateri hubaki laini.

Mishipa ya mwenye kisukari hukakamaa mapema zaidi, hilo halina ubishi. Lakini hata damu ya asiye na kisukari ina glukosi, yaani sukari ya damu, nayo hujibandika polepole kwenye protini zinazodumu muda mrefu, kolajeni ikiwemo, na baada ya miaka mingi hufungamanisha nyuzi zake. Halafu kuna elastini, protini inayouwezesha ukuta wa ateri kutanuka moyo unapopiga na kurudi unapopumzika. Mwili huitengeneza karibu yote kabla ya kuzaliwa na utotoni. Ikikatikakatika ukubwani haijengwi tena vizuri, na mzigo huhamia kwenye kolajeni isiyovutika. Ndiyo sababu kwa wazee wengi namba ya juu ya presha hupanda huku ya chini ikishuka.

Dhana: Mafuta huganda ndani ya mshipa kama uchafu kwenye bomba.

Picha hii imechorwa mno, na inapotosha. Ugonjwa huanzia ndani ya ukuta wenyewe, si kwenye njia ya damu. Chembe za LDL, zinazosafirisha kolesteroli, hupenya utando wa ndani wa ateri, hunaswa chini yake na huharibiwa na oksijeni. Seli za kinga ziitwazo makrofeji huzimeza hadi zenyewe zinajaa mafuta, na nyingi hufia hapohapo. Seli za misuli ya ukuta nazo husogea na kulifunika lundo hilo kwa kolajeni. Kifuniko kikipasuka, damu huganda juu yake, na mtu anaweza kupata mshtuko wa moyo ingawa mshipa haukuwa umebanwa sana. Mwaka 1913 Nikolai Anitschkow, huko Urusi, aliwalisha sungura kolesteroli na ateri zao zikaota malundo ya namna hii. Hakuhitaji kuwapa kisukari kwanza.

Dhana: Mawese yanatoka kwenye mchikichi, hayana kolesteroli, kwa hiyo hayana neno.

Kwamba hayana kolesteroli ni kweli. Na mawese mekundu yana karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A, jambo jema hasa kwa watoto. Tatizo ni kwamba karibu nusu ya mafuta yake ni yaliyoshiba, hasa asidi ya palmitiki. Mafuta ya aina hii hupunguza vipokezi vya LDL kwenye ini, yaani milango inayoiondoa LDL kwenye damu. LDL hubaki ikizunguka, na ikizunguka muda mrefu hupata nafasi zaidi ya kupenya ukutani. Vipokezi hivyo viligunduliwa na Michael Brown na Joseph Goldstein wa Marekani, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Simwambii mtu wa Ujiji aache mawese. Hatanisikiliza, na sioni sababu. Ila kijiko kimoja kwenye sombe, mboga ya majani ya muhogo, si sawa na samaki aina ya migebuka wanaoelea kwenye mafuta kila jioni.

Dhana: Dagaa wana kalsiamu, ndiyo inayogeuza mishipa kuwa mifupa.

Chokaa, yaani kalsiamu iliyoganda kwenye ukuta wa ateri, si masalia ya dagaa. Seli za misuli ya ateri, zikiwa katikati ya uvimbe wa muda mrefu, hubadili tabia na kuanza kufanya kazi ya seli za mifupa. Figo zikishindwa na fosfati ikapanda kwenye damu, mabadiliko hayo huongezeka kasi.

Dhana: Mwembamba hana haja ya kuogopa.

Ana haja. Kuna chembe iitwayo Lp(a), ndugu wa LDL, ambayo kiwango chake huamuliwa zaidi na urithi kuliko chakula au kilo. Kwa wastani, watu wenye asili ya Afrika wana kiwango kikubwa kuliko Wazungu.

Dhana: Tumbaku huharibu mapafu tu.

Jirani zetu wa Tabora wanailima, sisi tunaivuta pamoja nao. Moshi wake hupunguza naitriki oksidi, gesi ambayo utando wa ndani wa ateri huitoa ili mshipa ulegee na seli za kinga zisijibandike ovyo. Hata hivyo, mwaka mmoja baada ya kuacha, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo hushuka hadi karibu nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta.