Je, wajua kwa nini kijana wa Yugoslavia aliitwa mgeni ndani ya Yugoslavia?

Mwaka 1997 mwongozaji wa Slovenia, Andrej Košak, alitoa filamu ya ujana iitwayo Outsider. Jina hilo kwa Kiswahili cha pwani lingekuwa "mtu wa kuja". Hadithi yake inaturudisha 1979 na 1980. Wakati huo Slovenia na Bosnia zilikuwa jamhuri ndani ya nchi moja, Yugoslavia. Kijana Sead anahamia Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, na wazazi wake, baba akiwa ofisa wa jeshi kutoka Bosnia, mama Mslovenia. Hajavuka mpaka wa nchi yoyote, na mama yake ni mwenyeji kabisa. Hata hivyo, shuleni anapokewa kama mtu wa kuja. Kwa nini?

Tuanze na kazi ya baba. Jeshi la Yugoslavia lilikuwa la nchi nzima, na ofisa alihamishwa kutoka jamhuri moja hadi nyingine, familia ikimfuata nyuma. Kaulimbiu ya serikali ilikuwa "Udugu na Umoja". Lakini jamhuri zilikuwa sita, na mtoto wa mwanajeshi ndiye aliyejua zilivyotofautiana, maana kila uhamisho ulimtaka aanze upya.

Halafu kuna lugha, na hapa ndipo penye uzito. Amri za jeshi zilitolewa kwa Kiserbia-Kikroatia, lugha iliyoeleweka sehemu kubwa ya nchi. Kislovenia ni ndugu yake, ila si lugha ileile. Kina umoja na wingi, na katikati yake kina uwili: mkiwa wawili tu, kitenzi huchukua umbo lake la pekee. Kijana aliyelelewa Bosnia angeweza kubahatisha maana ya anachosikia, lakini akifungua mdomo tu, darasa zima limeshajua kwao ni wapi. Waslovenia hawakufika hata milioni 2, wakiishi kwa karne nyingi chini ya watawala wa lugha nyingine. Lugha ndiyo iliyowafanya wawe wao, na waliilinda kwa wivu.

Isitoshe, Slovenia ilikuwa jamhuri tajiri kuliko zote. Miaka ya 1960 na 1970 viwanda na ujenzi wake viliwavuta vibarua wengi kutoka Bosnia na kusini. Wakabandikwa jina la dharau, čefur, na watoto wao wakalirithi, hata waliozaliwa hapohapo.

Sead anapata pa kupumulia kwenye panki, muziki wa kelele wa vijana waasi, na naona Košak alilenga vizuri hapo. Mwaka 1977 bendi ya Pankrti ilizaliwa Ljubljana, na jina hilo maana yake ni wanaharamu. Vijana wenyeji, wenye kila haki ya kusema hapa ni kwao, walijichagulia jina la watu wasio na ukoo. Kati ya watu kama hao, nani angemuuliza Sead ametoka wapi?

Filamu inafika mwisho siku Josip Broz Tito, kiongozi wa Yugoslavia, anapofariki, na tukio hilo halikupachikwa tu. Tito, aliyewahi kuitembelea Tanzania ya Nyerere mwanzoni mwa 1970, alifia hospitalini Ljubljana, mji uleule wa Sead, tarehe 4 Mei 1980, siku tatu kabla ya kutimiza miaka 88. Kesho yake treni ilichukua jeneza kwenda Belgrade.

Slovenia ilitangaza uhuru tarehe 25 Juni 1991. Tarehe 26 Februari 1992 serikali mpya iliwafuta watu zaidi ya 25,000 kwenye daftari la wakazi wa kudumu. Wengi asili yao ilikuwa jamhuri nyingine za Yugoslavia, na miongoni mwao zilikuwamo familia za wanajeshi. Filamu ilipoingia kwenye majumba ya sinema, miaka mitano baadaye, wengi wao walikuwa bado wanaishi bila karatasi. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2012 kwamba haki zao zilivunjwa.