Lieni ya Ujenzi Juu ya Nyumba Yako California: Anza na Tarehe

Mwenye nyumba katika jimbo la California, Marekani, anaweza kumlipa mkandarasi wake hadi senti ya mwisho, na bado akakuta miezi kadhaa baadaye kwamba muuza vigae au fundi wa umeme ambaye hakuwahi hata kuzungumza naye ameandikisha dai juu ya nyumba hiyo katika ofisi ya msajili wa hati wa kaunti. Dai hilo huitwa lieni ya ujenzi. Haki ya kuiandikisha imo katika Katiba ya jimbo lenyewe, Ibara ya 14, nayo humlinda kila aliyetoa kazi au vifaa katika jengo, awe na mkataba na mwenye nyumba au awe ameletwa na mkandarasi. Lieni ikishakuwa kwenye rekodi, kuuza nyumba au kuiweka rehani huwa kugumu, na dai likithibitika mahakamani, nyumba inaweza kuamriwa iuzwe ili deni lilipwe.

Wamiliki wengi wanapopokea karatasi hiyo hufanya moja kati ya mambo mawili: hulipa mara ya pili kwa hofu, au huiweka kabatini wakiamini kwamba, kwa kuwa wamekwisha kulipa, dai hilo haliwahusu. Yote mawili yanaweza kuwagharimu sana. Wengine huanza kubishana kuhusu ubora wa kazi, jambo ambalo lina nafasi yake, lakini huhitaji ushahidi mwingi na muda mrefu. Ushauri wangu ni kuanza na kalenda, kwa sababu sheria ya California inampa mdai haki kubwa lakini inamfunga kwa muda mfupi, na madai mengi huanguka hapo kabla hata suala la nani anamdai nani halijajadiliwa.

Tarehe ya kwanza ya kuangalia ni ya taarifa ya awali. Mkandarasi mdogo, yaani aliyeletwa na mkandarasi mkuu, au muuza vifaa asiye na mkataba na mwenye nyumba anatakiwa kumpelekea taarifa ya maandishi ndani ya siku 20 tangu alipoanza kutoa kazi au vifaa. Akichelewa hapotezi kila kitu, ila taarifa yake hufunika tu kazi iliyofanyika kuanzia siku 20 kabla ya kuitoa. Asipoitoa kabisa, kwa kawaida hana lieni. Mkandarasi mwenye mkataba wa moja kwa moja na mwenye nyumba hahitaji kumpa taarifa hiyo, kwa hiyo hoja hii haitasaidia dhidi yake.

Tarehe ya pili ni ya kukamilika kwa kazi, na hapa ndipo penye mabishano makubwa zaidi. Lieni lazima iandikishwe ndani ya siku 90 baada ya kazi nzima kukamilika. Mwenye nyumba akiandikisha hati ya kukamilika kwa kazi, nayo huandikishwa ndani ya siku 15 tangu kazi kwisha, muda huo hupungua hadi siku 60 kwa mkandarasi mkuu na siku 30 kwa wengine. Kazi huhesabiwa kuwa imekamilika si pale tu kila msumari unapopigiliwa, bali pia pale mwenye nyumba anapoanza kuitumia huku mafundi wakiwa wameacha kazi, au mafundi wanapoacha kazi kwa siku 60 mfululizo. Tuseme ukarabati wa jiko ulikamilika tarehe 1 Machi, hati haikuandikishwa, na muuza vigae akaandikisha lieni tarehe 20 Juni. Siku 111 zimepita, na lieni hiyo haina nguvu. Kwa sababu hiyo picha zenye tarehe, risiti, ripoti ya mkaguzi wa majengo na jumbe za simu kuhusu siku ya mwisho ya kazi ni vitu vya kutunzwa kama hatimiliki.

Tarehe ya tatu ndiyo inayosahaulika zaidi. Akishaandikisha lieni, mdai ana siku 90 za kufungua kesi ya kuitekeleza. Zikipita bila kesi, na bila makubaliano ya kuongeza muda yaliyoandikishwa, lieni inakufa kisheria. Hata hivyo haijifuti yenyewe kwenye rekodi, na mnunuzi au benki wataendelea kuiona. Mwenye nyumba anatakiwa kumwandikia mdai kumtaka aiondoe, kisha asubiri angalau siku 10. Asipoiondoa, mwenye nyumba huwasilisha ombi katika Mahakama Kuu ya kaunti nyumba ilipo. Sheria inataka ombi hilo lisikilizwe ndani ya siku 30, na anayeshinda hulipwa gharama za wakili, jambo linalofanya barua hiyo ya kwanza iwe na uzito kuliko inavyoonekana.

Ikiwa mdai amekwisha kufungua kesi, njia hiyo haitumiki. Mwenye nyumba anaweza kuomba, ndani ya kesi hiyo hiyo, lieni iondolewe mapema ikiwa mdai hawezi kuonyesha kwamba dai lake lina uwezekano wa kuwa halali. Aulize pia kama alipelekewa nakala ya lieni yenyewe kwa namna sheria inavyotaka, kwa sababu mdai asipofanya hivyo lieni haitekelezeki. Kosa dogo la hesabu, kwa upande mwingine, haliiangushi, isipokuwa kiasi kimetiwa chumvi kwa nia ya kudanganya.

Leseni ni hoja nyingine yenye nguvu. Mkandarasi aliyefanya kazi inayohitaji leseni bila kuwa nayo hawezi kudai malipo mahakamani, na mwenye nyumba anaweza kudai arudishiwe hata alichokwisha kulipa, mradi afungue dai ndani ya mwaka mmoja tangu kazi ikamilike au isimamishwe. Hali ya leseni huangaliwa bure katika tovuti ya Bodi ya Leseni za Wakandarasi ya California.

Anayehitaji kuuza haraka anaweza kuweka dhamana ya kampuni ya bima ya asilimia 125 ya kiasi kinachodaiwa. Nyumba huachiliwa, na mgogoro huhamia kwenye dhamana.

Kwa yule aliyekwisha kumlipa mkandarasi mkuu, nasisitiza jambo moja: sheria humtaka mkandarasi huyo agharimie utetezi dhidi ya lieni za watu aliowaleta, na inamruhusu mwenye nyumba kuzuia kiasi kinachodaiwa kwenye lieni kutoka malipo yaliyobaki, kama yapo, wakati kesi ikiendelea. Usimalizie malipo huku lieni ikiwa kwenye rekodi. Na mahakama ikishaamua kwa upande wako, chukua nakala ya amri iliyothibitishwa na karani na uiandikishe katika ofisi ile ile ya msajili, kwa kuwa bila hatua hiyo anayeikagua nyumba ataendelea kuona lieni na hataona hukumu.