Gundi Haibebi Bawa

"Fundi, nilijaza epoksi pande zote, imevunjikaje?" Swali hili huletwa mezani kwangu pamoja na ndege ya modeli, ile ndogo ya kurushwa kwa rimoti, ya balsa (mti mwepesi sana), iliyobaki na bawa moja, la pili liko kwenye mfuko wa plastiki. Nimechoka nalo. Watu wanaamini bawa hushikiliwa na gundi inayolibandika ubavuni mwa bodi, hivyo gundi ikizidi na nguvu inazidi.

Tupige hesabu. Chukua ndege ya mazoezi ya kilo 2, mabawa mita 1.5 kutoka ncha hadi ncha. Imeshuka kichwa chini, rubani kaingiwa na hofu, kaivuta juu ghafla. Mzigo ukifika mara tano ya uzito wake, mabawa yanabeba kilo 10, yaani tano kila upande, na kwa wastani mzigo huo unakaa sentimita 33 hivi kutoka shinani mwa bawa. Kama mhimili, yaani boriti ya ndani ya bawa yenye ufito juu na ufito chini, una kimo cha sentimita 2, basi pale katikati ufito wa juu unabanwa, na wa chini unavutwa, kwa nguvu inayopita kilo 80. Ubavu wa bodi ni ubao wa balsa wa milimita 3. Huo ndio unaoutegemea?

Hebu tazama palipovunjika. Epoksi ipo palepale, nzima, imeng'ang'ania ganda la balsa lililobanduka. Haikushindwa gundi, umechanika mti ulio jirani nayo. Ungepaka mara mbili ya hiyo ungeongeza uzito tu.

Kinachobeba ni mhimili unaovuka kutoka bawa hadi bawa bila kukatika. Bawa la kushoto linataka kukunjika kwenda juu, la kulia vilevile, na nguvu hizo mbili humalizana zenyewe katikati. Bodi kazi yake ni kuning'inia hapo. Kwa hiyo epoksi yako ipeleke kwenye kiungo, kile kipande cha plaiwudi au fimbo ya kaboni inayoingia ndani ya mabawa yote mawili. Tumia ya dakika 30. Ya dakika 5 huganda ungali unatafuta rula, na sijui ni nani aliyewaambia watu kwamba haraka ni sifa ya gundi. Kaboni ikwaruze kwa msasa kwanza. Mabawa yakishaungana, zungushia maungio kitambaa cha faibaglasi chenye upana wa vidole vinne, ukilowanishe kwa epoksi kiasi cha kuonekana nyuzi zake. Mteja asiyetaka kitambaa hicho namrudishia bawa lake.

"Raba bendi ni za watoto, ndege ya mtu mzima inafungwa kwa boliti." Mimi mwanafunzi yeyote namfungia bawa kwenye bodi kwa raba. Ncha ya bawa ikigusa ardhi, raba inaachia na bawa linateleza, ndege inapona. Zibadilishe zikianza kuonyesha nyufa. Ukitaka boliti lazima, ziwe za nailoni zikatike zenyewe, maana za chuma zitang'oa kitako chote, pale bawa linapokalia bodi.

Wapo wanaopiga msasa kitako cha bawa mpaka kilale sambamba na mkia, wakidhani kiwanda kilikosea. Acheni! Ule mwinuko wa nyuzi (digrii) chache mbele ndio unaoipa ndege ya mazoezi mnyanyuko ikiwa imelala sawa hewani.

"Nimeangalia kwa macho, limenyooka." Macho hudanganya. Chomeka pini katikati ya mkia, funga uzi, upime hadi kila ncha ya bawa. Vipimo vikipishana, bawa limekaa upogo, lizungushe kabla hujatoboa tundu lolote. Kisha simama nyuma ya ndege uone kama bawa na mkia vimelala sambamba kutoka kushoto hadi kulia.

Na supaglu ya kawaida kwenye bawa la povu jeupe, lile la kufungashia televisheni? Inalila. Ipo supaglu maalumu kwa povu, nayo ijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupa.